Mgeni Aliyeshika Miguu ya Baba

Jumatatu, 14 Novemba

Kuna mtu amejilaza barazani kwetu. Baba anasema ni kaka yangu.

Asubuhi mahujaji walijazana hekaluni, kila mtu na maziwa yake ya kummiminia mungu wetu Shiva, Mahadev. Mimi nilikuwa nyuma nachambua maua. Nikasikia ukelele. Kutoka mbio — Baba amemkumbatia mwanamume mwenye ndevu, analia, chombo chake cha shaba kimebingirika hadi mlangoni. "Madhav! Madhav wangu!"

Madhav alipotea kwenye msongamano wa sikukuu ya Usiku wa Shiva, mimi bado nanyonya. Simjui hata kwa picha.

Watu wakasukumana wapate kuona. Wengine wakamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilitazama mikono yake. Mipana, sugu tupu. Mwana wa kuhani? Haya.

Jumanne, 15 Novemba

Anakula dengu kama anayeogopa kunyang'anywa.

Nimekwenda kwa Shangazi Sharbati, muuza mashada pale mlangoni pa hekalu. Nikamuuliza amemsimulia nani habari za Madhav. Akacheka. "Uliza sijamsimulia nani! Mwanangu, watu wakisubiri zamu lazima wapigiwe soga."

Si hapo sasa! Basi mji mzima wa Kashi unajua, pamoja na kila treni inayoingia.

Alhamisi, 17 Novemba

Nimemtega. "Kaka, yule kasuku wetu tulimwitaje?" Hatujawahi kufuga kasuku.

Akatafuna, akameza. "Sikumbuki, dada."

Mwongo angetaja jina. Au ndiyo ujanja wenyewe? Sijui. Baba anamtazama kama taa ya ibada.

Jumamosi, 19 Novemba

Kumbe! Jumatatu Baba atamtangaza mbele ya makuhani wote. Huyo mgeni ndiye atakayewamwagia wahenga maji mtoni kwa niaba ya ukoo. Na kikohozi hiki cha Baba kikimshinda, ndiye atakayeuwasha moto wa kuchoma maiti yake.

"Na mimi je?" nikasema. "Nani anakukanda kifua?"

"Wewe ni binti, Girija." Kwa upole. Afadhali angenifokea.

Nikashuka mtoni na hasira zangu. Nikamkuta yule mtu kwenye ngazi, anafua shali ya Baba. "Wewe ni nani?"

Hakuinua macho. "Nilikuja kuoga tu, dada. Mafuriko yalinichukulia mke na nyumba. Nikamshika mzee miguu anibariki. Yeye ndiye aliyeniita Madhav. Mimi sikusema neno."

"Na tangu hapo? Mdomo umeshonwa?"

Akakamua shali. "Siku nyingi hakuna aliyekuwa ameniita kwa jina lolote."

Nilitaka kumtukana. Nikapanda ngazi kurudi nyumbani.

Jumapili, 20 Novemba

Nimemwambia Baba. Si yeye. Amekiri mwenyewe.

Baba alikuwa anasaga msandali juu ya jiwe. Mkono haukusita hata kidogo.

"Kwani nimekuuliza?"

Basi. Nikabaki nimeshikilia mlango. Wiki nzima nimemchunguza mgeni — kumbe wa kuchunguzwa ni mzee wangu! Alijua lini? Jana? Au siku ile ile, na machozi yale yote?

Jumatatu, 21 Novemba

Ukungu. Ng'ambo ya mto haionekani. Makuhani wameshashuka. Sharbati kaleta shada kubwa kuliko la Mahadev, anawaambia mahujaji, "Mimi nilimtambua kabla ya babake!" Mwongo mkubwa yule.

Nimekimbilia chumbani kuandika kidogo. Mlango umegongwa taratibu. Ni yeye. Kanyoa, kavaa vazi jeupe la Baba. Linambana mabegani.

"Dada," kanong'ona, "wakati wa kumwaga maji nitatakiwa kumtaja marehemu mama. Simjui jina. Mzee kasema nikuulize wewe."

Mzee kasema! Nikuulize wewe!

Nikimpa jina lolote la uongo, yamekwisha. Makuhani wote walimfahamu Mama. Watamgeukia hapo hapo, majini. Na Baba analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Anaita kutoka ngazini sasa. Sauti inakatwa na kikohozi, inaanza tena. Yule mtu bado kasimama kizingitini, kainamisha kichwa. Hanihimizi. Nimefungua mdomo mara mbili, na mara zote mbili lililokuja ulimini ni jina la kweli la Mama —