Tangeti Juu ya Mtaro wa Kale

Jumatatu, 3 Juni

Watu wa chuo, wachimbuzi wa mambo ya kale, wamefika kwenye viazi vyangu. Matuta matatu yamefukuliwa. Waliomba ruhusa, ndiyo — lakini walimwomba Raima, si mimi. Raima ni mdogo wa marehemu mume wangu. Mwanaume aliyebaki ni yeye, basi wa kuulizwa ni yeye. Mimi miaka yote hii nimepanda tu, nimepalilia tu, nimelisha tu nguruwe wake.

Chini ya viazi wameona mtaro. Udongo mweusi, halafu mstari wa kijivu. Daktari Geua, mkubwa wao, mwanamke wa pwani, wa mji mkuu Moresby, anasema ni wa miaka elfu nne hivi. Watu walikuwa wanatoa maji kinamasini wapate kupanda magimbi na ndizi. Viazi vitamu ni wageni wa juzi tu, anasema. Nikacheka. Hata mimi ni mgeni wa juzi. Nilizaliwa ng'ambo ya kinamasi, kwa Watilkama, nikaolewa huku kwa Warongapi.

Jumatano, 5 Juni

Raima hatulii. Anatembea kifua mbele kama mtaro kauchimba yeye jana. Nilimsikia akimuuliza Daktari kama ni kazi ya babu zake. Daktari akamjibu taratibu kwamba hakuna ajuaye, koo za leo huenda hazikuwapo. Raima alisikia alichotaka kusikia.

Hakuuliza nani alipanda. Kuchimba mtaro ni kazi ya wanaume — wanachimba, wanachinja nguruwe, wanajisifu, imekwisha. Kupanda hakuishi.

Ijumaa, 7 Juni

Amepanda tangeti! Mimea ya mpaka, majani mekundu, mstari mzima, juu ya mtaro, katikati ya shamba langu. Pale ambapo hapajafukuliwa amezichomeka humo humo kwenye marando yangu ya viazi.

Tangeti ya mpaka haing'olewi. Anayeing'oa ametangaza vita. Hata mtoto anajua.

Aliita watu, akashika shina moja, akasema: "Huu ndio mpaka wa babu zetu. Upande wa juu ni wetu. Upande wa kinamasi waliwaachia vyura."

Udongo mzuri wote uko juu. Nikamuuliza mimi nitakula nini.

"Shemeji, huna mtoto wa kiume. Kaa na vyura, hawana makuu."

Watu wakacheka. Nilimuuguza huyu mwezi mzima alipopata nimonia. Fadhila za punda ni mateke.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Sina la kumwambia Mungu leo.

Jumatano, 12 Juni

Watu wa chuo wamefukua mbele zaidi. Mtaro haukunyooka! Ukifika migombani unapinda, unapanda kilima, unapita nyuma ya nyumba ya Raima. Daktari ameweka vijiti na kamba, kila mtu anaona. Kahawa ya Raima, banda la nguruwe, nyumba yenyewe — vyote upande wa kinamasi. Upande wa vyura.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchimba kaburi huingia mwenyewe. Lakini kicheko chenyewe kilikuwa kichungu, maana tangeti bado ziko shambani kwangu.

Alhamisi, 13 Juni

Habari imevuka kinamasi. Kaka yangu Kuri amekuja na wanaume wa Kitilkama, wakafuata kamba ya Daktari hadi mwisho. Ukoo wetu wa kule unadai kinamasi hiki tangu zamani za babu. Sasa Kuri anasema hakuna tena la kudai: Raima mwenyewe ametamka mbele ya watu kwamba babu zake walikiacha, na tangeti ni shahidi. Ahame.

Moyo wangu uliruka. Nikamvuta Kuri pembeni, nikamuuliza, na shamba langu?

"Dada, wewe uliolewa. Ardhi ya Watilkama ni ya wana wa Watilkama."

Alisema kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 14 Juni

Raima amekuja na paja la nguruwe lililopikwa kwenye mawe ya moto. Leo naitwa mama. Anataka mimi ning'oe tangeti, ushahidi wa Kuri upotee. Mimi ni mke wa huku na binti wa kule, hakuna atakayenipiga shoka. Niseme nilikuwa napalilia.

"Mwanamke akipalilia anaweza kukosea," akasema.

Nikamwambia nirudishie upande wa juu, mbele ya watu, kama ulivyouchukua mbele ya watu. Akasema tutazungumza. Paja lake nikalitupa nje; alipotoka alilikuta mlangoni, na mbwa wawili.

Jioni Kuri ametuma neno: nikizigusa, mimi si dada yake tena. Daktari Geua amekuja kuniomba radhi, macho mekundu. Namhurumia. Lakini radhi haipandwi.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeanza alfajiri. Tangeti sijazigusa. Nakata marando yote, nang'oa miche yote ya magimbi, natia kwenye mfuko wa kamba. Mbegu hizi nilipewa na mama yangu, si na ukoo wowote.

Raima amesimama upande wa juu na sepetu yake, vijana wake nyuma. Kuri upande wa chini, ana shoka. Raima akauliza nafanya nini.

"Mpaka ni wenu. Mimi nachukua nilichopanda."

Kuri akauliza, utapanda wapi? Nikaendelea kukata. Sijui.

Mfuko wa pili umejaa. Limebaki tuta moja, lile la mwisho juu ya mtaro. Marando yake ndiyo mazuri kuliko yote, na tangeti zimechomekwa katikati yake, zimeshikana nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikiyavuta, yatatoka pamoja na tangeti.

Raima ananiita mama. Kuri ananiita dada. Nimekaa juu ya tuta naandika, wangoje — mimi nimewangoja miaka. Mkono wangu wa kushoto umeshika marando.

Ni yangu. Siyaachi.