Wimbi Hupita, Maji Hubaki

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, kisha nikakumbuka hakuna wa kuniitikia. Nimekaa ofisini kwenye meza yako, maana nilipewa meza pamoja na vipindi vyako vya fizikia. Mkuu wa shule alisema ni kwa muda tu, mpaka aletwe mwalimu. Unaujua mwenyewe huo “muda tu” wa shule zetu. Na mimi ni mtu wa kemia! Naogopa, Mwalimu. Naogopa kuliko siku ile jeneza lako lilipotolewa ndani, nasi wanawake tukabaki uani.

Unakumbuka muhula wako wa mwisho uliponiita nikae nyuma ya darasa lako? “Njoo, Somoe, usije ukasema hukurithishwa.” Nikacheka, nikidhani unanitania. Ulifunga kamba ya katani kwenye nondo ya dirisha, katikati ukafunga kitambaa chekundu, ukaitikisa. Mtikisiko ukakimbia mpaka dirishani, kitambaa kikapanda na kushuka palepale kilipo. Darasa zima likaimba nawe: wimbi hupita, maji hubaki. Ukasema wiki ijayo mtakwenda ufukweni kumalizia. Wiki hiyo ulikuwa wodini. Iliyofuata tukakusomea hitima.

Basi nami nilifundisha kile nilichokiona. Walifurahi, Mwalimu, hata nikajiona nimeiva. Aliyefurahi kuliko wote ni Tabia, binti wa hosteli, mgeni ambaye hukuwahi kumfundisha. Kwao ni Likawage, kwenye mashamba ya ufuta, na bahari aliiona mara ya kwanza alipoletwa shule hapa Masoko. Aliiogopa vibaya mno. Wenzake wakienda kuoga, yeye alibaki mchangani amejikunyata, wakimwita bibi harusi. Baada ya kipindi alinifuata mlangoni, uso umemng’aa: “Kumbe madam, wimbi halibebi kitu!” Nikasema ndiyo. Sikufikiri hata kidogo.

Jumamosi ilikuwa zamu yangu kuwapeleka wasichana ufukweni. Maji yalikuwa yanajaa, yale ya bamvua yanayopanda kuliko siku zote, na mawimbi yakipasukia karibu kabisa na mchanga. Nilikuwa nikimfunga mmoja wao kidonda cha mguu. Kuinua kichwa, namwona Tabia amesimama wima, maji kiunoni, mikono kainyoosha, anasubiri wimbi limpandishe na kumshusha kama kile kitambaa. Hakuwa akicheza. Alikuwa akijaribu somo langu.

Likampasukia. Nikaona kichwa, kisha mguu, kisha povu tupu. Nilikimbia mpaka maji yakanifika magotini, hapo miguu ikagoma. Sijui kuogelea, Mwalimu, nami nimekulia Miteja kwenye jembe. Nilibaki kupiga kelele tu. Niliita jina lake, nikamwita Mungu, nikakuita na wewe. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuokota chaza ndiye aliyetupa kapu, akajitosa, akamkamata khanga na kumburuta nje. Tabia alitapika maji mpaka nikadhani hayataisha, katikati akigugumia kwamba wimbi halibebi kitu. Yule mama alipoona mtoto anapumua akanigeukia, hata salamu hakunipa: “Nani kamwambia mtoto wa watu bahari haibebi?”

Nikavua mtandio wangu, nikamfunika Tabia.

Nimepekua vitabu vyako na sasa naijua ile nusu uliyoondoka nayo. Penye kina kirefu maji huzunguka karibu na mahali pake, ni kweli. Lakini yakifika penye kina kifupi, wimbi hupunguza kasi, hujiinua, hupinduka, na hapo maji yenyewe hukimbia pamoja na kila kilichomo. Ni maneno machache tu hayo. Nilikukasirikia kwa ajili ya hayo, unisamehe, kana kwamba mtu huchagua wiki ya kufa. Hofu ya yule mtoto ndiyo iliyokuwa ikimlinda, na mimi nikamvua.

Jana alirudi darasani. Nilijiandaa kwa lawama, maana lawama ningeiweza. Alisubiri wenzake watoke, akaniuliza kwa adabu zake zote: “Madam, na yale mengine uliyotufundisha, yapi hayajaisha?”

Nilifikiria umeme niliowafundisha mwezi uliopita, nikafikiria asidi za maabara, na watoto wote waliokwenda nyumbani wakiniamini. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Mchana huu nawapeleka ufukweni, maji yakiwa yametulia kidogo. Yule mama wa chaza amekubali kunishika mkono. Nitaingia mimi, mpaka magotini, wao wasimame pakavu waone maji yanavyonivuta miguu. Tabia kasema atakuja, ila atasimama nyuma ya wote, nami nimemwambia asimame anapotaka.

Mungu akupe kauli thabiti huko uliko, Mwalimu wangu, na aipanue nyumba yako. Nakuahidi hivi: kila nisipoujua mwisho wa jambo nitawaambia sijui, mbele ya darasa zima, kabla yeyote hajaenda kulijaribu kwa mwili wake.

Kwaheri.

Somoe