Jiwe la Ukingo Mbele ya Nyumba Yetu

Mtaa wa Tanyard,
Harrowby Bridge.
Jumapili ya Matawi

Mdogo wangu mpenzi Rufus,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Ingrid, na kwamba mgongo wako umeacha kukusumbua, kwa sababu nina kazi nao. Sisi huku hatujambo. Mama anakula, analala, na juzi alimwambia daktari wake kuwa amenenepa, yaani daktari ndiye aliyenenepa. Usiwe na wasiwasi naye.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini gari langu bado linalala barabarani ilhali nilijisifu kuwa nimenunua nyumba yenye maegesho. Nikakwambia ni hadithi ndefu. Leo nimepata nafasi ya kuieleza.

Unajua niliinunua kwa ajili ya ule uwanja wa mbele uliosakafiwa kwa saruji. Nilitaka Mama na fremu yake ya kutembelea atoke mlangoni aingie garini, basi. Unakumbuka pia alivyokubali kuja: atajaribu mpaka Pasaka, na asipoizoea nyumba ataenda kwenye makao ya wazee, na tusimbembeleze. Kwa hiyo niliitaka nyumba isiyo na kasoro. Siku niliyokuja kuitazama, gari la mwenye nyumba lilikuwa limekaa mbele ya mlango, na mbao mbili nene zimeegemezwa kwenye ukingo wa barabara. Sikuziuliza. Miaka yote ile nimeripoti gazetini vikao vya halmashauri, nikawasikia madiwani wakigombania mawe ya ukingo hadi chai ikapoa, na siku ya kununua nyumba yangu sikuinama kutazama jiwe. Cheka tu, mimi nimeshajicheka.

Siku ya kuhamia, muuzaji alikuwa ameondoka na mbao zake za kupandishia gari. Ukingo ulisimama wima kama kidato cha ngazi, haujawahi kushushwa ili gari lipite wala kuombewa kibali. Wakili wangu alinieleza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba nina mahali pa kuegesha gari lakini sina ruhusa ya kupafikia, kwa kuwa siwezi kuivuka njia ya waenda kwa miguu bila kibali. Na maadamu ukingo haujashushwa, mtu yeyote ana haki ya kuegesha mbele ya nyumba yangu.

Huyo mtu yeyote akawa Bwana Ludlam, jirani yetu wa ukuta mmoja, mjane mwenye gari dogo la kijani analoliogesha kama mtoto mchanga. Nilipomwomba aniachie nafasi ile, alinijibu kwa adabu zote kuwa barabara ni ya Mfalme, bibie, na Mfalme hajalalamika.

Nikanunua mbao zangu. Nilizitumia siku chache tu, kisha akaja afisa wa barabara, binti mwenye koti la njano, akasema kuna mtu amepiga simu. Akaniomba niache mara moja, nipeleke maombi ya kushushiwa ukingo. Hakutaja nani alipiga, nami nikaona sihitaji kutajiwa. Tangu siku hiyo mimi na Bwana Ludlam tulikuwa vitani, vita vya kwetu: tunasalimiana, tunasifu hali ya hewa, na mmoja akitoka na gari mwenzake anasukuma pipa la taka mpaka pale.

Mama alitutazama dirishani, kando ya viazi vyake. Ndiyo, alikuja navyo. Amevipanga kwenye trei za mayai vichipue, kama alivyofanya kila mwaka, tayari kupandwa Ijumaa Kuu, kama ilivyo desturi. Niliona ni mazoea ya mtu aliyeacha bustani yake. Sikuwa na moyo wa kumuuliza atavipanda wapi.

Wiki iliyopita yule afisa alirudi na futi kamba. Alipima uwanja mara ya kwanza, akaniangalia usoni, akapima tena kwa huruma. Ni mfupi, gari lingetokeza nyuma mpaka njia ya watu. Ombi likakataliwa. Lakini akasema Mama, kwa hali yake, anaweza kuombewa nafasi ya walemavu ichorwe barabarani, majirani wasipopinga.

Nikaenda kwa Bwana Ludlam. Alinisikiliza akiwa na sifongo mkononi, akauliza kwa nini sikusema tangu mwanzo kuwa ni kwa ajili ya Mama. Yeye alidhani natafuta mahali pa kuringishia gari. Gari lake angeliweka nyuma ya kona. Niliguswa hata nikamwambia nimemsamehe ile simu. Akanikodolea macho. Simu gani, bibie? Yeye halmashauri ikimpigia hata hapokei.

Nilirudi ndani na kumsimulia Mama jambo hilo, nikijiuliza kwa sauti ni nani basi. Mama akamalizia chai yake kwanza. Kisha akasema ni yeye. Alipiga nilipokwenda dukani, akataja jina lake kamili, na wakamshukuru. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hakuhamia hapa ili aamke kila asubuhi atazame makalio ya gari langu dirishani. Chini ya saruji ile kuna udongo. Watu hawajengi nyumba juu ya hewa. Na kama ningeshushiwa ukingo, saruji ingebaki milele, naye angekuwa ameshafungasha. Kwa nini hakuniambia? Kwa sababu, alisema, nilikuwa nimeinunua kwa furaha sana.

Jana niling'oa kipande kimoja cha saruji. Udongo ni mweusi, una minyoo. Mama alitoka na fremu yake, akaomba kiti, akakaa kando ya shimo lile hadi mvua ikamfukuza.

Kwa hiyo njoo Ijumaa Kuu asubuhi, na mtaimbo. Egesha nyuma ya kona, na umsalimie Bwana Ludlam, ameahidi toroli. Msalimie sana Ingrid, naye aje na viatu vya matope. Mama anawabusu wote. Kuhusu makao ya wazee, anasema hana muda: viazi hivi havitakuwa tayari kabla ya Julai, na baada yake kuna maharage.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Hester