Gambuti za Kiambi

Timau, 4 Machi 2024

Mwanangu Kathambi,

Habari za Embu? Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti la mama yako linalosumbuliwa na baridi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia.

Kiambi amenishtaki katika mahakama ya kazi pale Meru. Kiambi huyu! Nilimtoa kijijini Kanyakine hajui chochote, nikamfanya msimamizi wa stoo ya baridi. Sasa anadai nilimfukuza bila kumsikiliza. Nisikilize nini, na maharagwe yangu yote ya mishiri yalikuwa yameoza, mnunuzi akayakataa? Karatasi za korti nimezitupa juu ya kabati. Sijibu. Shamba ni langu.

Wewe ndiye unayeandika watu kazi na kuwaachisha huko kiwandani. Niambie tu kwamba niko sawa.

Baba yako,
Mwongera

Embu, 9 Machi

Baba,

Natumai goti la mama limepata nafuu. Mwambie avae zile soksi ndefu nilizomletea. Mimi ni mzima, ila nimekasirika.

Hauko sawa. Shusha hizo karatasi leo. Usipojibu, jaji atamsikiliza Kiambi peke yake, na hukumu itatoka wewe ukiwa shambani. Tafuta wakili, umweleze kila kitu, hata yale yanayokuumiza. Kisha mwite Kiambi mketi mbele ya afisa wa kazi, mmalize bila kuvutana. Na usimguse mkewe anayekuchumia mishiri. Ukimfukuza naye, utakuwa umejitafutia kesi ya pili.

Huku hatumwachishi mtu kazi kabla ya kumwambia kosa lake na kumpa nafasi ajitetee, mfanyakazi mwenzake akiwa kando. Wewe ulimwambia, "Toa gambuti, si zako!" Akavua hizo buti za mpira, akaenda nyumbani na soksi tu kwenye hiyo baridi, wachumaji wote wakiangalia. Nilikuwa pale getini, Baba.

Binti yako,
Kathambi

Timau, 2 Aprili

Kathambi,

Sisi wazima. Goti pia.

Nimepata wakili na tumejibu. Mke wa Kiambi bado anachuma, kwa hivyo usinione kama mnyama. Lakini kuketi na Kiambi, hapana! Nimuombe msamaha, wafanyakazi wangu wasikie? Afadhali shamba liote magugu.

Kwa vile ulikuwa nyumbani siku ile, utakuja useme kwamba tuliketi ofisini sisi watatu, Kiambi akajieleza, ndipo nikamwachisha. Wakili tayari ameandika hivyo. Ni maneno machache tu. Kumbuka ni mishiri hiyo hiyo iliyokusomesha.

Baba yako,
Mwongera

Embu, 6 Aprili

Baba,

Msalimie mama. Wewe sikuulizi hali kwa sababu naijua: una hasira. Hata mimi ninayo, na nimeirithi kwako.

Sitasema hayo. Hatukuketi. Ofisi ilikuwa imefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwako. Ungemsikiliza, labda angekueleza alichonieleza mimi: kwamba stima ilipotea, akakupigia simu ukiwa harusini, hukushika.

Mishiri ilinisomesha, ndiyo, lakini si ili nije kumdanganya jaji. Kiambi ameniomba niwe shahidi wake, nami nimekubali. Nitasimama pale na jina lako, Kathambi Mwongera, niseme nilichokiona. Ukitaka kunikana, nikane.

Bado binti yako,
Kathambi

Timau, 23 Septemba

Kathambi,

Mama yako anasema nikuulize kama unakula vizuri. Unakula?

Nimeliona jina lako kati ya mashahidi wa Kiambi. Miezi hii yote nimekukasirikia mpaka ng'ombe wanajua. Nilimwambia wakili tutafute mtu mwingine wa kusema kuhusu kile kikao cha ofisini. Akaniuliza, "Mzee, hicho kikao kilikuwako kweli?" Nimemwambia akitoe kwenye majibu yetu.

Usidhani nimeogopa. Kesi nitaipigania, na mbele ya jaji nitakuangalia usoni. Lakini hakuna mtoto wangu atakayelala kwa watu mjini Meru ndipo aje kunishuhudilia vibaya. Usiku wa kuamkia kesi utalala nyumbani, mama yako atakupikia mukimo, na asubuhi utapanda pikapu yangu.

Nimemtuma mke wa Kiambi amwambie mumewe atusubiri pale kwenye lami, tumchukue pia. Wakili anasema nimerukwa na akili. Gambuti nimeziweka nyuma ya kiti.

Mwambie Kiambi aanze kujieleza mara tu akipanda. Nitaendesha polepole.

Baba yako,
Mwongera