Vidole Sita vya Watoto wa Paka

Jumatano, usiku

Bado analia chini ya kitanda, paka wangu, anatafuta watoto wake watatu. Maziwa yamemjaa na hakuna wa kunyonya.

Walizaliwa na vidole sita kwenye kila mguu wa mbele. Mama mkwe alipowaona alishika kichwa. "Hii iko uchawi! Wameituma mu nyumba ya mutoto wangu!"

Ndiyo maana jana nilimwita daktari wa mifugo. Alimwinua mama yao, akatuonyesha kuwa naye ana kidole cha ziada, sema hatukuwahi kukiona. "Wamerithi kwa mama yao, basi. Ni kama mutoto kuchukua pua ya baba yake." Mume wangu Hamisi alikuwepo. Aliuliza maswali mazuri, hata akawapakata.

Leo nimerudi kutoka kuanika ndagala, vile visamaki vya ziwani, nikakuta boksi lao tupu. Hamisi aliwatia mu mufuko akawatupa ziwani.

"Si ulimusikia daktari?"

"Nilimusikia. Aliyosema yote iko kweli. Lakini mama alikataa kula mupaka watoke mu nyumba."

Mama mkwe aliogopa asichokijua. Hilo naweza kulimeza. Hamisi hakuogopa kitu. Alielewa kila neno, na bado...

Nami nina mimba. Mtoto wangu akizaliwa na kitu ambacho mama mkwe hakipendi, nani atasimama mlangoni? Nimekuwa nikijiuliza hivyo tangu jioni, na jibu nalijua.

Ameniita nikalale. Nimemwambia atangulie.