Mkono Uliochonga Vigoda

Miyuji, Dodoma
Jumatatu, 14 Julai 2025

Kwa shemeji yangu Elisha, Kibakwe.

Mbukwa, shemeji. Pokea salamu za mtu mzima ambaye bado anakula ugali wa uwele na kufuta sahani. Mimi sijambo, ukiacha goti la kushoto na upepo wa huku, ambao mwezi huu wa saba unaleta baridi na vumbi kwa pamoja. Wewe je? Mgongo ule uliokulaza wakati wa palizi umepoa? Mama wa nyumba yako anaendeleaje? Uwele mmeshauingiza ndani, au ndege wamewabakizia mabua kama mwaka juzi?

Usishangae kupata barua. Simu ninayo, tena namba yako naijua kwa kichwa. Lakini kwenye simu wewe unakatiza watu maneno, hiyo ni tabia yako tangu ujana, na neno nililonalo likikatizwa katikati sitalirudia tena. Mwandiko usiucheke. Kisomo nilisoma miezi mitano tu, na katika watu thelathini mimi ndiye wa kwanza kuandika jina lake bila kutazama ubaoni. Mwalimu mwenyewe alisema. Barua hii imenichukua siku tatu.

Najua Dorothea, katibu wa kikundi cha kazi za mikono hapa kanisani, amekupigia simu kukualika Jumamosi ya tarehe ishirini na sita. Najua umekubali. Utakuja na kigoda chako kiwekwe mezani, utasimama useme maneno ya kunisifu, kisha mimi nitakaa mbele za watu na tezo nichonge, vijana waone. Basi kabla hujakifunga kigoda hicho juu ya basi, soma barua hii mpaka mwisho.

Nianze na jinsi mambo yalivyofika hapo. Tulipomzika Yudith, dada yako, mwaka jana mwezi wa tatu, Anitha alinichukua nikae naye huku. Mwanangu ananitunza, siwezi kusema uongo. Chai saa moja, maji ya moto ya kuoga, nguo zimepigwa pasi. Lakini maneno yake ni machache. Anatoka kufundisha, ananiamkia, anauliza nimekula nini, basi. Nyumba ya watu wawili, unasikia saa ya ukutani mchana kutwa. Siku moja akaniambia kwamba mzee anayekaa bure hufia kwenye kiti, na kwamba kanisani kuna kikundi, kila mtu anatafuta kazi ya mikono inayomkubali. Nikaenda.

Nilianza na vikapu. Kikapu changu kilikuwa kizuri kuliko vya wote, ila kilikataa kusimama. Akina mama wakasema labda ni cha kutundika. Nikahamia kwenye udongo. Kuna mama mmoja mfinyanzi kutoka Busi, mpole sana, alinionyesha namna ya kupandisha ukuta wa chungu kwa kuzungusha vidole. Changu kilipasuka kabla hakijaona moto. Mama yule akasema udongo una masikio, ukiuringia unakuringia.

Halafu nina jirani, Nurdini, mzee wa watu wa mjini hapa ambao mababu zao walikuja na misafara. Zamani alikuwa fundi cherehani, sasa anadarizi kofia barazani kwake kwa kujifurahisha tu. Akasema lete mkono wako tuone. Nikatoboa tundu kumi na mbili, nikajichoma vidole vinne. Aliigeuza geuza ile kofia, akaniambia, sheikh Daudi, hii tumtafutie mbuzi, mbuzi hajui kulalamika. Nikamwambia mimi sikuzaliwa kwa sindano, mimi ni mtu wa tezo, vigoda vyangu vinakaliwa na wazee kutoka Kibakwe mpaka Mpwapwa mjini. Akanitazama. Akauliza, sasa mtu wa tezo anahangaika nini na ukindu na udongo? Nikasema mkono wangu uko msibani.

Hilo la msiba ndilo nililomjibu pia Dorothea, alipokuja kuniambia kwamba amesikia mimi ni mchongaji mkubwa. Alikubali, akangoja. Mwaka ulipokwisha akarudi, akasema mzee, mkono umetoka msibani, na sisi tumepanga siku. Jina langu wameshaliandika kwenye kitambaa cha mlangoni. Nikauliza ni nani aliyekupa habari za vigoda. Akasema ni Anitha.

Jioni nikamwita Anitha. Nikamwuliza kwa nini amefanya hivi. Alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto, wala hakuinua kichwa. Alisema, nilitaka nione utafanyaje, baba.

Shemeji, sasa nasema, na wewe usikatize.

Vile vigoda sikuvichonga mimi. Hata kimoja. Vyote thelathini na nane, pamoja na hicho chako ulichopewa siku uliposimikwa kuwa mzee wa ukoo, vimechongwa na dada yako.

Unakumbuka mwaka ule nilipopewa kazi ya kwanza, kigoda cha mzee wa kijiji. Nilitamba kijiji kizima. Gogo la mninga nililikata mwenyewe, na kuchagua mti najua, hilo hakuna wa kuninyang'anya. Lakini nilipofika kwenye miguu, mguu wa kwanza nikauvunja, na tezo likanichana kidole gumba, kovu unalijua. Nikatupa kila kitu ndani, nikaenda mnadani na mbuzi wawili ili nisionekane. Niliporudi siku ya tatu nikakuta Yudith amekata gogo lingine kutoka kwenye ule mti wangu, na kigoda kimesimama kwa miguu mitatu, kimekwanguliwa kwa kipande cha chupa mpaka kinang'aa. Nikauliza nani kaja hapa. Akasema hakuna aliyekuja.

Baba yenu alikuwa mchongaji, hilo kila mtu alijua. Wewe alikukalisha miaka miwili akufundishe, ukashindwa, ukakimbilia ng'ombe. Yudith hakufundishwa, maana mwanamke hashiki tezo. Alikuwa anamletea baba yake maji na anasimama kidogo, anatazama, anaondoka. Basi, ndiyo shule yake yote.

Nilikipeleka kile kigoda kwa mzee wa kijiji. Walikigeuza, wakakipiga kwa kidole, mzee mmoja akasema huu ni mkono wa baba mkwe wake. Nilinyamaza kidogo tu, pumzi moja. Kisha nikasema ndiyo, alinirithisha. Ile pumzi moja, shemeji, ilitosha kusema kweli.

Kuanzia hapo tulifanya hivi miaka ishirini na sita. Yeye alichonga ndani, kwenye chumba cha nyuma cha tembe, kule kwenye maghala ya nafaka, hakuna dirisha. Mimi nilikaa nje mlangoni na kipande cha gogo bovu mbele yangu, nagonga kwa tezo, ili wapita njia wasikie kazi na wasiulize mlio wa ndani unatoka wapi. Nilikuwa nasikiliza mapigo yake na kuyafuata. Akitua nami natua. Watu wakinisalimia nilifunika lile gogo kwa gunia. Nikawaambia ni mwiko, kigoda kikitazamwa kabla ya kuisha kitapasuka. Mwiko huo niliutunga mimi. Nasikia siku hizi wachongaji vijana wa huko kwenu nao wanafunika kazi zao. Waambie wafunue.

Na wewe mwenyewe, tulipokuwa tunatoka makaburini kumzika Yudith, uliweka mkono begani kwangu mbele ya wazee wote, ukasema mkono wa baba umehamia kwa shemeji. Mtoto wa damu yake mnatoka kumfukia, na hakuna hata mmoja wenu aliyemfikiria. Wala sikulaumu. Mimi niliyejua nilitikisa kichwa nikasema asante.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililokula siku mbili katika zile tatu.

Alianza kukohoa miaka minne kabla ya kufariki. Tukasema moshi wa jikoni, tukasema baridi. Alikuwa anachonga na khanga imefungwa puani, akitoka mle ndani nyusi zake nyekundu kwa unga wa mninga. Mwisho tukampeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mwenye subira. Akauliza maswali mengi, kisha akauliza kama mgonjwa amewahi kufanya kazi ya vumbi kwa muda mrefu, mgodini, kwenye mashine ya kusaga, useremala, kitu kama hicho. Yudith alifungua mdomo. Nikajibu mimi. Nilisema hapana daktari, huyu ni mkulima, hajashika kazi nyingine.

Yudith alinitazama. Kisha akafunga mdomo wake, akatazama sakafu, na daktari akaandika.

Sijui jibu lingine lingefanya nini. Labda ugonjwa ulikuwa umeshakomaa, labda wangempa dawa nyingine, sijui na hakuna wa kuniambia sasa. Ninachojua ni kwamba niliulizwa swali la kumsaidia mke wangu nikalijibu kwa kusaidia jina langu. Na Anitha alikuwa amesimama nyuma yetu, ameshika mkoba wa mama yake. Yeye tangu mtoto alijua nani anachonga. Watoto wa nyumba moja huwezi kuwafunikia gunia. Sasa unaelewa ukimya wa nyumba hii.

Kwa nini nakuandikia wewe kwanza, kabla ya Dorothea. Kwa sababu jina la marehemu ni la watu wa kwao. Wapo wazee wenu watakaosema nimemchafua, kwamba binti wa ukoo alishika tezo la wanaume na wao wamekalia vigoda vyake miaka yote. Sikutaka mlisikie ukumbini mbele ya watu wa mjini. Mlisikie kwanza huko kwenu, mkasirike huko kwenu. Lakini usielewe vibaya, sikuombi ruhusa. Ukikubali nitasema, ukikataa nitasema. Jumamosi ile nitasimama, tezo nitaliweka chini, na nitamtaja Yudith binti wa baba yenu kwa kila kigoda kitakachokuwa mezani. Wakiniuliza wewe ulifanya nini, nitawaambia nilipiga kelele mlangoni.

Najua Dorothea ataaibika na kitambaa chake. Najua kuna watakaocheka. Nurdini nimemwambia jana, nilitaka nijaribu ulimi wangu kwa mtu mmoja kwanza. Hakufanya utani. Aliendelea kudarizi mpaka akamaliza duara lote, ndipo akasema kwamba mtu akifa bila haki yake, haki hiyo hailipiki, hutajwa tu. Nikamwuliza kutajwa kunasaidia nini. Akasema hajui, ila kutotajwa kunajulikana kunafanya nini.

Anitha sijamwambia kwamba nitasema. Angefikiri natafuta sifa nyingine. Pengine kweli. Mimi nimesifiwa muda mrefu, hata toba yangu sijui kama nayo hainyooshi shingo itazamwe. Atasikia siku hiyo pamoja na wengine, na akiamua kunyamaza mpaka nife, ni haki yake.

Wewe ukija, kaa mbele nikuone. Ukiamua kukipasua kigoda kile kiwe kuni, nakuomba usifanye hivyo, lakini siwezi kukuzuia. Usipokuja kabisa, nitaelewa, na sitakuja Kibakwe mpaka uniite.

Nisalimie mama wa nyumba yako, na wajukuu mmoja mmoja. Msalimie mchungaji. Kaburi la Yudith kwa upande wa juu mvua huwa inachimba, nakuomba mweke mawe kabla ya Novemba, maana mimi kubeba mawe goti limekataa. Wengine wote wanaoniulizia waambie nipo, nakula.

Barua hii naipeleka stendi mwenyewe, nampa kondakta wa basi lenu. Pamoja nayo utapokea kamba ya katani, urefu pima sita. Nilipokuwa nangoja maneno ya barua hii niliokota katani nyuma ya ukumbi, nikaanza kusokota pajani, bila mtu kunionyesha. Imenikubali. Dorothea anasema kamba si kitu cha kuweka mezani, nani atasimama kutazama kamba. Hata mimi naona hivyo. Wewe ifunge kwa dume lako lile korofi, uone kama itakatika. Hiyo nimeisokota mimi.

Ni mimi shemeji yako,
Daudi Mazengo