Wametulia, Niliandika

Jumanne, 8 Mei 1979

Mvua tangu alfajiri, jiji zima la Recife linanuka matope. Hata hivyo wamekuja wote kikaoni, kwenye chumba cha kanisa: wanawake kumi na mmoja, wafua nguo, wameketi duara. Nimewaomba tena wasiniite daktari, mimi mwanasaikolojia tu wa idara ya makazi, hapa tuko sawa. Mama Zuleide akaniita "binti daktari". Nimeshindwa.

Barua ya jiji ya kubomolewa nyumba imemfikia. Nyumba zote za upande wa mto, kabla mwezi haujaisha! Nikamrudishia maneno yake, kama tulivyofundishwa: anahisi hana pa kukanyaga. Kisha kimya, dakika nne nzima. Nilifurahi — kimya kirefu namna hiyo ni mtu kuzama ndani na kujikuta. Nikaandika kwenye ripoti ya wiki: kundi limetulia.

Jumatatu, 14 Mei

Mkuu wa idara, Dokta Amadeu, kaniita. Mpole kweli, akaniagizia kahawa. Ripoti imempendeza mno. Sasa anataka barua ya ukurasa mmoja, yenye saini yangu: wakazi wameandaliwa kisaikolojia, wamekubali kuhama kwa hiari. Ataifuata mwenyewe kanisani Jumanne ya wiki ijayo. Akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Juni. Kwa upole uleule.

"Limetulia." Neno langu mwenyewe! Amelipigia mstari mwekundu.

Jumanne, 15 Mei

Nimewauliza kuhusu kile kimya. Ivanilda, mdogo wake Zuleide, hana simile:

"Tulikuwa tunakungoja wewe useme kitu. Wewe mtu akikwambia nyumba inaungua, utamjibu: nasikia unahisi joto."

Wakacheka mpaka machozi. Nikacheka nao, halafu nikajikuta nalia kweli. Zuleide akanifuta uso kwa aproni yake, inanuka sabuni. Nawapenda wanawake hawa. Wala sikuwaambia habari ya barua anayoitaka Dokta Amadeu. Mwoga mkubwa mimi.

Ijumaa, 18 Mei

Nimeiandika mara tatu, nimeichana mara mbili. Mama yangu anasema nisaini tu, kazi ni kazi.

Jumanne, 22 Mei

Nimewaambia. Nimetoa barua, haijasainiwa, nikawasomea mpaka pale pa "kwa hiari". Nilingoja matusi. Zuleide akanitazama sana.

"Unaogopa kufukuzwa kazi," akasema.

Basi. Hakunishauri, hakunibembeleza. Akangoja. Nikasema ndiyo, naogopa. Na uongo huu ni wangu, mimi ndiye niliyeuanza kwa kutowauliza.

"Haya, sasa andika tunavyosema sisi."

Wakasema mmoja mmoja, nami nikaandika nyuma ya karatasi ileile. Zuleide amezaa watoto wanne katika nyumba ile, mmoja amemzika, hahami. Ivanilda amekasirika na hataki aandikiwe vinginevyo. Marluce hana pa kwenda. Wote kumi na mmoja. Chini ya maneno yao nikatia saini yangu. Imetoka kama saini ya mtoto wa darasa la kwanza.

Wanachemsha kahawa sasa, naandika haya gotini. Gari la idara limesimama nje! Dokta Amadeu ameshuka, anakwepa madimbwi. Ivanilda anataka tumfungie mlango. Zuleide amekataa. Amevuta kiti kingine, amekiweka kati yake na mimi.

Yuko mlangoni. Anasema hatakaa, ana haraka, amefuata karatasi tu.

"Karibu ukae, baba, viatu vyako vimelowa," Zuleide anamwambia. "Karatasi ipo. Binti yetu atakusomea."

Dokta ananitazama mimi. Anatazama kiti. Naiweka kalamu chini nimsomee —